Seva ya chuo bila sudo: CGI, Passenger, Gunicorn au Podman?

mwenge_maabara

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine salaam. Kuna programu ndogo ya kuazimisha vifaa vya maabara: Flask (fremu ya Python ya kutengeneza tovuti), hifadhidata ya SQLite (faili moja tu) ya MB 12, kurasa kama kumi. Inatakiwa ikae chini ya tovuti ya idara, kwenye njia `/vifaa/`. Seva ni AlmaLinux 9 na inasimamiwa na kitengo cha TEHAMA. SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali) ipo, sudo (ruhusa za msimamizi) hakuna. Apache (programu inayohudumia tovuti) ndiyo inayoshika porti 80 na 443, `/home` iko kwenye NFS (diski ya mtandao), na intaneti ya kwenda nje inapita kwenye proksi. Siku nyingi watumiaji ni wachache, ila Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi wapatao 60 huingia kwa mkupuo. Njia ipi itasimama yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa, bila kumsumbua mtu wa TEHAMA kila mara?

korosho404

Anza na kile ambacho tayari kimeruhusiwa. Kama Apache inaendesha CGI (skripti inayowashwa upya kwa kila ombi) kwenye folda yako, huhitaji ruhusa ya mtu:

```
#!/home/idara/vifaa/venv/bin/python
from wsgiref.handlers import CGIHandler
from app import app
CGIHandler().run(app)
```

Hakuna huduma ya kuwasha, kwa hiyo hakuna kitakachozimika. Python 3.13 iliondoa moduli ya `cgi`, lakini `wsgiref` bado ipo, usiogope.

Ukipata kosa la 500 na logi ikasema "End of script output before headers", kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu. Faili iwe 755. Mistari isiwe na mwisho wa Windows (`sed -i 's/\r$//' vifaa.cgi`). Na kama suEXEC (kipengele cha Apache kinachoendesha skripti kwa akaunti yako) inatumika, folda isiwe na ruhusa ya kuandikwa na kundi, maana suEXEC itaikataa hata kama faili yenyewe haina kasoro.

bandari_salama

Mkuu korosho, kwa fomu ya maombi thelathini kwa siku nakuunga mkono kabisa. Jumatatu saa mbili ndiyo inayoiangusha CGI. Kila ombi linawasha Python upya, na kila Python inasoma mamia ya faili ndogondogo za Flask kutoka NFS. Sitini kwa pamoja, na seva nzima ya idara inapumua kwa shida, pamoja na tovuti za wenzako.

Passenger (kiendeshi cha programu za wavuti kinachounganishwa na Apache) ni nzuri pale ambapo chuo kina cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) na kitufe cha programu za Python. Unaandika `passenger_wsgi.py` yenye jina `application`, na ukitaka iwashwe upya unafanya `touch tmp/restart.txt`. Ubaya wake ni kwamba programu ikikaa muda bila mtumiaji, Passenger inaweza kuizima kutegemea mipangilio, na hapo anayeingia wa kwanza husubiri. Kwenye AlmaLinux tupu bila cPanel, kuiomba TEHAMA isakinishe Passenger kwa ajili ya programu moja ni kuwabebesha mzigo usio wa lazima.

Kwa hali hii ningechagua Gunicorn (seva ya kuendesha programu za Python) chini ya systemd ya mtumiaji (kiwashaji cha huduma cha Linux, upande wa akaunti yako), Apache ikiwa mbele. Python ya kawaida ya AlmaLinux 9 ni 3.9, omba `python3.12`, ipo kwenye hazina zao rasmi. Tengeneza venv (folda ya Python na maktaba za programu hii) palepale kwenye seva, usiinakili kutoka kwenye laptopu, kwa sababu njia kamili za folda zimeandikwa ndani ya skripti zake. Kwa pip (kisakinishi cha maktaba hizo), `export HTTPS_PROXY=...` kwanza.

Kisha `~/.config/systemd/user/vifaa.service`:

```
[Service]
WorkingDirectory=%h/vifaa
ExecStart=%h/vifaa/venv/bin/gunicorn --workers 2 --threads 4 --bind 127.0.0.1:8041 --error-logfile %h/vifaa/kosa.log app:app
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=default.target
```

Angalia mstari wa mwisho. Wengi hunakili `multi-user.target` kutoka kwenye mifano ya huduma za mfumo. Amri ya `enable` inakubali vizuri, seva ikiwashwa upya programu haiji. Upande wa mtumiaji, lengo hilo halipo.

Halafu `systemctl --user enable --now vifaa` na `loginctl enable-linger`. Bila linger (ruhusa ya huduma zako kuendelea hata hujaingia), programu inakufa ukifunga SSH. Hakikisha kwa `loginctl show-user $USER -p Linger`. Ikikataa, hilo moja mwombe msimamizi. Kama umeingia kwa `su` utaambiwa "Failed to connect to bus". Ingia kwa SSH moja kwa moja kwenye akaunti hiyo.

Jambo jingine: systemd haisomi `.bashrc`. Programu ikituma chochote nje kupitia proksi, weka `Environment=HTTPS_PROXY=...` ndani ya faili ya huduma.

kibo_admin

Nachangia kwa upande wa wasimamizi. Kipande cha mipangilio ya Apache cha kuwapelekea TEHAMA, kinachopitisha maombi kwa Gunicorn, kiwe kamili, wasilazimike kukisia:

```
<Location "/vifaa/">
  ProxyPass "http://127.0.0.1:8041/"
  ProxyPassReverse "http://127.0.0.1:8041/"
  RequestHeader set X-Forwarded-Proto "https"
  RequestHeader set X-Forwarded-Prefix "/vifaa"
</Location>
```

Hakiwezi kukaa kwenye `.htaccess`, kwa sababu ProxyPass hairuhusiwi humo. Ndani ya Flask, izungushie programu `ProxyFix(app.wsgi_app, x_for=1, x_proto=1, x_host=1, x_prefix=1)`. Ukiruka hapo, ukurasa wa kwanza utafunguka, lakini viungo vyote vitaelekea `/ingia` badala ya `/vifaa/ingia`, na mtumiaji atapata 404.

Ukikuta 503, soma namba kwenye logi ya makosa ya Apache kabla ya kumpigia mtu simu. `(111)Connection refused` maana yake Gunicorn haisikilizi, tatizo ni lako. `(13)Permission denied` maana yake SELinux (ulinzi wa ndani wa Linux) imeizuia Apache isiunganike, na msimamizi atatue kwa `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Asizime SELinux yote kwa ajili yenu, na msimwombe hivyo.

Na tafadhali, hili la usalama msilipite. Porti ya 127.0.0.1 inafikiwa na kila mwenye akaunti kwenye seva ile. Kama Apache ndiyo inayothibitisha watumiaji na kupitisha jina lao kwenye kichwa cha ombi, mwanafunzi yeyote mwenye SSH anaweza kutumia `curl` na kujiita mkuu wa idara. Ongezeni kichwa chenye neno la siri refu kinachowekwa na Apache, na programu ikatae ombi lolote lisilo nalo.

tanga_kontena

Podman (programu ya kuendesha kontena, yaani kifurushi chenye programu na mahitaji yake) bila root (akaunti ya msimamizi) nayo inafaa. Kuanzia toleo 4.4 unaandika faili ya `.container` ndani ya `~/.config/containers/systemd/`, na systemd inakutengenezea huduma. Faida ni kwamba TEHAMA wakibadilisha Python ya seva, wewe hutikisiki.

Lakini kwa mwenge naona vikwazo viwili. Akaunti yako lazima iwe na safu ya namba za watumiaji ndani ya `/etc/subuid` na `/etc/subgid`. Akaunti za LDAP (orodha ya pamoja ya watumiaji wa chuo) mara nyingi hazina, na anayeziweka ni msimamizi. Pili, hifadhi ya Podman haielewani na NFS, kwa hiyo `graphroot` (folda ya hifadhi hiyo) ihamishiwe diski ya ndani. Na masasisho ya usalama ya vilivyomo ndani ya kontena yanakuwa jukumu lako, si la TEHAMA tena. Kwa programu ya kurasa kumi, ni kazi kubwa kuliko faida.

mwenge_maabara

Nashukuru sana wakuu. Nakwenda na Gunicorn. SQLite niiache `/home`?

bandari_salama

Hapana! Kufunga faili (locking, ili wawili wasiandike kwa pamoja) kwenye NFS hakuaminiki, na hali ya WAL (SQLite kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni) haikusudiwi kabisa kwa mifumo ya faili ya mtandao. Dalili huanza na "database is locked", mwisho wake faili inaharibika. Omba folda kwenye diski ya ndani, mfano `/var/lib/vifaa`, mmiliki awe akaunti yako. Au kama chuo kina PostgreSQL (seva ya hifadhidata), omba hifadhidata moja huko na uachane na SQLite.

Ulizia pia kama NFS yenu inatumia Kerberos (uthibitisho wa watumiaji kwa tiketi). Ikiwa ndiyo, seva ikiwaka huduma yako inaanza bila tiketi, `/home` haisomeki, na linger haitakusaidia kitu. Hapo itabidi TEHAMA waweke huduma kwenye mfumo wenyewe na msimbo ukae nje ya `/home`.

kibo_admin

Nakala rudufu usichukue kwa `cp` wakati programu inafanya kazi. Toa nakala kwenye diski ya ndani, ndipo uipeleke `/home`, kwa mstari huu wa cron (kipanga ratiba):

```
0 2 * * * sqlite3 /var/lib/vifaa/vifaa.db ".backup '/var/lib/vifaa/nakala.db'" && cp /var/lib/vifaa/nakala.db ~/nakala/
```

Tazama `timedatectl` kwanza. Seva ikiwa kwenye UTC, hiyo 2 si saa nane usiku, ni saa kumi na moja alfajiri ya huku.