Mnaowauzia vijana wa Kigoma "akaunti za kubeti za Marekani": huu ni wizi na mnajua

Wakuu, hili sasa limevuka mpaka.

Kuanzia Mwanga hadi Kibirizi, Kasulu na hata Kibondo, magrupu ya mikeka (tiketi za kubeti) yamejaa tangazo lile lile: akaunti ya kubeti ya Marekani, imeshathibitishwa, odds (viwango vya malipo) za kutisha, makato hakuna, lipia leo uanze leo. Wanaolengwa ni vijana wa mwaloni, bodaboda na wabeba mizigo. Na tangazo linashika kasi pale mfuko unapokuwa mkavu, kama ile miezi mitatu ya 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi na nyavu zikakaa juu.

Uongo wa kwanza mnaoutumia ni huu: "Marekani walishahalalisha 2018." Hawakuhalalisha. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya 1992 iliyoyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo. Basi, iliishia hapo. Uamuzi ukarudi kwa kila jimbo, anayetaka aruhusu, asiyetaka akatae.

Na jimbo la kule msilipime kwa mkoa wa kwetu. Kigoma haina bunge. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003 inambana mtu wa Ujiji vilevile inavyombana mtu wa Tabora au Temeke. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni moja na umri ni miaka 18 Bara nzima. Kule kila jimbo lina bunge lake, msimamizi wake, kodi yake na umri wake. Kentucky ilipoanza kuruhusu kubeti michezo 2023 umri ulikuwa miaka 18, New Jersey mpaka 21. New York inakata asilimia 51 ya mapato ya kampuni ya kubeti mtandaoni, Nevada inakata 6.75. Utah na Hawaii hawana hata bahati nasibu ya serikali. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, wananchi walipigia kura hoja mbili za kubeti michezo Novemba 2022, zote zikaanguka. Texas nayo haijaruhusu.

Kwa hiyo mtu akikuletea kampuni ya kubeti mpira "yenye leseni ya Texas" au "ya California", huna haja ya kuchunguza zaidi. Leseni hiyo haipo duniani.

Nevada ndiyo mnayoipenda zaidi kwa sababu jina lake linajulikana. Ni kweli kasino ziliruhusiwa kule tangu 1931. Lakini Nevada kubeti michezo kwa simu kunataka kwanza mtu aende mwenyewe kasino na kitambulisho mkononi, asajiliwe dirishani. Mississippi ni kali zaidi: programu inafanya kazi ukiwa ndani ya eneo la kasino, ukitoka nje haipokei dau. Sasa mtu aliyeko Gungu ataingiaje hapo?

"Tumia VPN," yaani programu ya kuficha anwani yako ya intaneti ionekane uko nchi nyingine. Hapa ndipo mnapowamaliza watu, kwa hiyo naeleza polepole.

Ukibonyeza kuweka dau, programu haiangalii anwani ya intaneti peke yake. Inasoma GPS ya simu, ile inayoonyesha ulipo. Inasoma majina ya Wi-Fi zilizo jirani, hata kama hujaunganishwa nazo. Inakagua kama simu ina VPN, kama kuna programu ya kughushi mahali, kama kuna mtu anaiendesha simu hiyo kutoka mbali. Halafu inalinganisha yote. VPN imebadilisha kitu kimoja tu. GPS bado inasema karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Wi-Fi inayoonekana ni ya duka la jirani yako, na saa ya simu iko kwenye majira ya Afrika Mashariki. Vitu havilingani, dau linakataliwa. Ukirudia rudia, akaunti inafungwa ikiwa na salio ndani.

Wengine hata huko hawafiki, kwa sababu hela haikuwahi kuingia. Angalieni njia yake: unamtumia muuzaji kwenye laini yake ya hapa, yeye ndiye "anakuwekea". Unachoonyeshwa ni picha ya salio. Mkeka "unatiki", salio linapanda, roho inatulia. Siku ya kutoa ndipo kampuni halisi ingetaka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, picha ya kitambulisho, na akaunti ya benki yenye jina hilo hilo. Jina lililopo si lako. Ni la Mmarekani aliyeibiwa taarifa zake. Barua pepe ya akaunti na namba ya simu inayopokea msimbo zimebaki kwa muuzaji. Akibadilisha neno la siri usiku, asubuhi wewe uko nje.

Kisha inakuja "ada ya kufungua akaunti". Baada yake "kodi ya Marekani lipia kwanza". Hii ya pili inaniudhi kuliko zote kwa sababu imeokota ukweli kidogo: ushindi wa kamari kule kweli ni kipato kinachotozwa kodi, kwa hiyo ile "makato hakuna" ya tangazo ilikuwa uongo tangu mwanzo. Ila kodi hiyo hailipwi kwenye laini ya mtu wa Kigoma.

Na aliyepigwa hana pa kushtaki. Bodi yetu haikuipa leseni kampuni hiyo. Msimamizi wa jimbo atamwona kama mtu aliyetumia jina la mwingine. Hapa nyumbani kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa, kwa hiyo kijana akienda kulalamika anaogopa kujieleza. Mnategemea woga huo.

Kwa aliyekwisha lipa: usiongeze hata mia. Piga simu kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kila dakika inahesabika maana hela ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Usifute mazungumzo, hifadhi namba ya muamala na jina lililotokea. Tuma taarifa ya namba hiyo kwenda 15040, kisha nenda polisi uchukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kama ulimpa picha ya kitambulisho cha NIDA, na wengi wanaidai, piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako.

NYONGEZA: Mmeuliza mbona mtu wa New Jersey anavuka daraja kwenda Pennsylvania na anaendelea kubeti. Kwa sababu kinachotazamwa ni mahali uliposimama wakati wa kuweka dau, hakitazamwi unapoishi. Pennsylvania nayo imeruhusu, ndiyo maana. Angekwenda Utah angekwama na akaunti yake halali, yenye jina lake halisi.

Aliyeuliza Zanzibar: Sura ya 41 ni ya Bara. Msitumie vifungu vyake kubishana mambo ya Visiwani.

Na wewe uliyeandika huko chini "ya kwangu ni ya Nevada, inafanya kazi popote, waliofeli hawajui kuitumia". Umeweka namba ya malipo, kwa hiyo unasoma. Jibu hapa hapa mbele ya watu: nani alikwenda kujisajili dirishani, kwenye kasino gani, na kitambulisho alichotoa kilikuwa cha nani?