Chimbuko la loji ya heshima ya maskauti

Skauti wa Wete: Assalaam alaykum. Mgeni wetu kutoka Marekani alivaa kambini mshipi mweupe wenye mshale mwekundu, ulioteremka kutoka begani, akasema yeye ni wa loji (yaani tawi) ya Unami. Naomba kujuzwa historia yake.

Mwalimu wa Mkunazini: Waalaykumu ssalaam. Hiyo ndiyo loji ya kwanza ya Order of the Arrow, jumuiya ya heshima ya maskauti wa Marekani iliyoasisiwa mwaka 1915 na E. Urner Goodman na Carroll Edson katika kambi ya Treasure Island, kisiwani Mto Delaware, ili kuwaenzi maskauti waliochaguliwa na wenzao, utaratibu ambao kwangu una busara kuliko uteuzi wa viongozi.

Mkongwe wa Chake: Niongeze, Mwalimu, kwamba uongozi wa kitaifa wa skauti wa Marekani uliiidhinisha jumuiya hiyo mwaka 1934, na kuiunganisha kikamilifu na skauti mwaka 1948.