Ninakaimu ukuu wa uzalishaji, sasa naambiwa nimfundishe aliyepewa nafasi hiyo: niandike malalamiko au ninyamaze?

Mhandisi wa Zamu (mleta uzi)

Wanajamvi, ninaomba ushauri wenu, hasa wa wale mnaozifahamu sheria za kazi na wale mliowahi kuongoza idara. Mimi ni mhandisi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kula jijini Dar es Salaam. Mkuu wetu wa uzalishaji alipostaafu mwaka jana, nilipewa barua ya kukaimu nafasi yake, na tangu hapo ndiye ninayepanga zamu, kusaini ripoti za mitambo na kuwajibu wakaguzi wa Shirika la Viwango (TBS) wanapofika. Posho ya kukaimu nililipwa miezi ya mwanzo, kisha ikakatika bila maelezo, ingawa kazi yenyewe haikukatika.

Nafasi ilipotangazwa ndani ya kampuni niliomba, nikafanyiwa usaili, na wiki iliyopita nikaambiwa kwa mdomo kwamba amechaguliwa mwenzangu, mwanamume ambaye elimu yetu ni moja lakini amenikuta kiwandani. Nilipomuuliza meneja sababu, alinijibu kwa upole kwamba hakuna anayetilia shaka uwezo wangu, ila nafasi ile inamhitaji mtu anayeweza kuitwa saa nane za usiku, "na wewe bado una mtoto mdogo nyumbani". Mtoto wangu ana mwaka na nusu. Mtoto wa mwenzangu hata kutembea hajaanza, na sijasikia mtu akimuuliza nani atabaki naye.

Sasa nimetakiwa "nimshike mkono" mkuu mpya mpaka aizoee kazi. Mume wangu anasema niache kazi, mama anasema nivumilie. Nifanye nini?

Afisa Utumishi

Pole sana, dada. Usiache kazi kwa sasa. Ukijiuzulu na baadaye ukadai kwamba mazingira yalikulazimisha, utabaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba mwajiri aliifanya ajira isivumilike, na mzigo huo wengi huwashinda.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi iliyotajwa humo zimo jinsi, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Katazo hilo halikomei kwenye kuajiri na mishahara, bali linagusa pia upandishaji vyeo. Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui ni kwamba mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba alichokizingatia ni hitaji la msingi la kazi yenyewe.

Kuhusu kazi za usiku, sheria hiyohiyo inamlinda mama kwa miezi 2 baada ya kujifungua, na inaongeza muda endapo cheti cha daktari kitaonyesha kwamba afya yake au ya mtoto hairuhusu. Nje ya hapo, kuwa na mtoto mdogo si kizuizi. Meneja wako amechukua kinga iliyowekwa kwa ajili ya mzazi akaigeuza kuwa sababu ya kumnyima cheo.

Fundi Mstaafu

Mimi nitasema tofauti kidogo, na mleta uzi anisamehe. Nimefanya kazi viwandani mpaka nimestaafu, na wito wa usiku si kisingizio cha kutunga. Boila ikizima usiku, mafuta yakaanza kuganda kwenye mabomba, mkuu asipofika hasara haisubiri kupambazuke. Kwa hiyo mwajiri ana haki ya kuuliza kama mtu anapatikana. Je, wewe umewahi kuitwa ukashindwa kwenda? Jibu hilo lina uzito kuliko kifungu chochote.

Halafu tusiseme kila kitu ni ubaguzi. Siku hizi wanawake wameshika nchi.

Mhandisi wa Zamu

Ninakushukuru, mzee wangu. Nimeitwa usiku mara nyingi na sijashindwa kwenda hata mara moja. Kila wito uliandikwa kwenye kitabu cha zamu: saa niliyopigiwa simu, saa niliyofika getini, hitilafu iliyokuwepo na saini yangu. Mara ya mwisho ilikuwa pampu ya mtambo wa kusafishia, na tuliiwasha tena kabla ya zamu ya asubuhi kuingia.

Fundi Mstaafu

Basi hoja yangu ya kwanza imeanguka, ninaiondoa. Piga picha kurasa hizo leo, kwa sababu kitabu cha zamu kikijaa hupelekwa stoo, na stoo ninazijua mimi.

Mama Tabata

Mzee, la "kushika nchi" nitalijibu kwa ufupi. Bunge letu lilipata Spika mwanamke mwaka 2010, nchi ikapata Rais mwanamke mwaka 2021, na sote tulifurahi. Lakini barua ya kumthibitisha mkuu wa uzalishaji haisainiwi Ikulu wala Dodoma. Husainiwa na watu watatu au wanne waliokaa kwenye chumba kimoja, na mara nyingi walishakubaliana kabla ya usaili.

Mdogo wangu, mimi ni meneja wa idara na nimekalia viti vya pande zote mbili za usaili. Sababu iliyotolewa kwa mdomo ina tabia ya kubadilika. Leo ni mtoto, kesho utasikia ni "uwezo wa kuongoza watu", na keshokutwa ni alama za usaili. Lengo lako la kwanza liwe kuifanya kampuni iandike sababu moja na ibaki nayo. Usianze kwa kutaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayopokea migogoro ya kazi, wala mwanasheria, kwa sababu ukiwatisha siku ya kwanza, kila jibu litapitia kwa wakili wao na hutapata neno la maana.

Kuhusu kumfundisha mwenzako, usigome. Kugoma ndiko kutakakowapa sababu safi ya kukuandikia barua ya onyo. Omba maagizo hayo kwa maandishi, yaeleze unamkabidhi kazi zipi na kwa muda gani. Karatasi hiyo itasema yenyewe nani anaijua kazi.

Afisa Utumishi

Ninakubaliana na Mama Tabata, ila muda usisahaulike. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa kujaza fomu namba 1 ya Tume. Andika tarehe uliyoambiwa matokeo, na uhesabu kuanzia hapo, hata kama bado mnaandikiana barua. Posho idai kwenye barua ya pekee, kwa sababu hilo ni deni na halihitaji mjadala wa jinsia. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, mwenyekiti wa tawi apewe nakala.

Mhandisi wa Zamu

Nimeandika rasimu. Sentensi ya kwanza inasema: "Ninasikitishwa sana na ubaguzi niliofanyiwa kwa sababu tu mimi ni mwanamke na ni mama." Je, iko sawa?

Mama Tabata

Ni kweli tupu, lakini itoe. Wataijibu kwa sera ya kampuni ya kutobagua, na barua yako itakuwa imeishia hapo. Weka hivi: "Ninaomba kujulishwa kwa maandishi vigezo vilivyotumika kumpata mkuu wa uzalishaji, alama nilizopata katika kila kigezo, na kama kupatikana usiku kulikuwa miongoni mwa vigezo hivyo, namna kulivyopimwa kwa kila mwombaji." Kisha taja mazungumzo yako na meneja, tarehe yake na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatolea maoni. Wape siku 7 za kujibu.

Peleka nakala mbili masjala, moja ibaki kwako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe ya kazini siku hiyohiyo.