Mada: Binti yangu, bibi yake Mperu na marinera

Kutoka: mwana-Mombasa, Maryland

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri kwa mliooa au kuolewa na Waperu, najua humu mpo. Mavyaa amekuja kuishi nasi tangu mwezi wa pili, kutoka Chiclayo. Binti yangu ana miaka minane. Kiingereza anacho, Kiswahili anasikia na kujibu nusu nusu, Kihispania ni "hola" na "gracias" basi. Bibi naye hana lugha ila Kihispania. Wanakaa sebuleni wawili hao wakitazamana na kutabasamu, roho inaniuma. Mume wangu anafanya kazi usiku, mchana amelala, kwa hivyo mkalimani hatuna. Nimewaza kumwandikisha mtoto ngoma za kwao Peru, huenda zikawakutanisha. Nimeona vazi mtandaoni, sketi pana ajabu, bei yake inatisha. Ninunue? Nianzie wapi?

Kutoka: dada wa Tanga, Paterson, New Jersey

Dada, hongera kwa kumpata mama nyumbani. Vazi usinunue kwanza. Muulize yeye mwenyewe kwao walicheza nini.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tulikosea hapo. Hapa Paterson Waperu ni wengi, mpaka mitaa ya Market Street watu wanaiita Little Lima, basi tukawaandikisha watoto kwenye kikundi cha kwanza tulichokiona. Wakafundishwa ngoma ya sikukuu za Puno, kule juu milimani kando ya ziwa Titicaca. Ngoma nzuri, haina neno. Lakini baba mkwe ni mtu wa Trujillo, pwani ya kaskazini. Siku ya onyesho alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi kwa adabu, kisha akaniuliza taratibu, "Na ya kwetu watajifunza lini?" Fikiria mtoto wa Lamu anamchezea bibi yake sindimba.

Chiclayo na Trujillo wote ni watu wa pwani hiyo, na ngoma yao ni marinera norteña. Wanacheza wawili, mwanamume na mwanamke, na hawagusani toka mwanzo hadi mwisho. Maneno yote yako kwenye kitambaa cheupe cha mkononi (siwaambii leso, nyie wa Mombasa mtadhani kanga). Mwanamume anafuata, mwanamke anaponyoka, anarudi, anamzunguka, macho hayaachani. Mwishoni mwendo unapanda, sehemu hiyo wanaiita fuga, na hapo miguu inatwanga sakafu kwelikweli. Mwanamume ana viatu na kofia. Mwanamke yuko peku.

Jina lenyewe ni la 1879. Peru ilikuwa imeingia vitani na Chile, na ngoma hii ilikuwa ikiitwa chilena, yaani ya Kichile. Mwandishi Abelardo Gamarra akaibatiza marinera, kwa heshima ya wanamaji wa Peru. Mwambie mumeo amsimulie mtoto, watoto wanapenda mambo ya vita na majina.

Trujillo kuna mashindano ya taifa kila Januari, yanaandaliwa na Club Libertad tangu 1960. Watoto wadogo wana kundi lao, na wazee pia wana lao. Hili ndilo nataka ulishike: marinera haina umri. Mavyaa wako si wa kukaa kwenye kiti tu akatazama.

Sasa miguu. Watoto wetu wa huku nyayo zao ni laini kama za mtoto mchanga, wanalala na soksi. Wangu alipata malengelenge wiki ya kwanza, akalia, akataka kuacha. Mwalimu akatuambia avue soksi nyumbani, nyayo zikomae polepole, na mazoezi yawe mafupi. Zulia halifai, mguu unakwama usipoweza kuteleza na kuzunguka. Sisi tunasukuma meza ya jikoni ukutani.

Sketi ya mazoezi shona mwenyewe, hata ya kanga mbili zilizounganishwa. Muhimu iwe na upana wa kutosha mtoto ashike pindo na kuliinua bila kujivuta. Vazi kamili kodi siku ya onyesho. Mtoto wa miaka minane kipimo cha leo si cha mwakani.

Kabla ya kulipa darasa lolote, kaa uangalie somo moja zima. Sikiliza kama mwalimu anawaambia watoto ngoma imetoka wapi na kitambaa kinasema nini. Akihesabu hatua tu, shukuru uondoke. Kuwapata walimu si kazi: Julai 28 ni siku yao ya uhuru, vikundi vyote vinatoka. Mwezi wa kumi nenda parokia yenye misa ya Kihispania, Waperu utawaona wamevaa zambarau kwa maandamano ya Señor de los Milagros, yaani Bwana wa Miujiza. Ulizia hapo.

Kutoka: kaka wa Lubumbashi, Brussels

Naongeza dogo. Mwaka wa sita huu nacheza na Waperu wa hapa. Pwani ya Peru walipelekwa watumwa wengi kutoka Afrika, wakiwemo walioandikwa kwenye madaftari kwa majina ya Congo na Angola. Utumwa ulifutwa huko 1854. Kwa wazao wao ndiko ilikotoka ngoma ya festejo, pamoja na cajón, lile kasha la mbao ambalo mpigaji analikalia na kulipiga kwa viganja. Ngoma hizo zilikuwa zinapotea, hadi Victoria Santa Cruz na mdogo wake Nicomedes, wasanii weusi wa Peru, walipozisimamisha tena jukwaani, na 1969 kikaundwa kikundi cha Perú Negro. Hata hiyo marinera ilitokana na ngoma ya zamani, zamacueca, na Waafrika wamo humo.

Sisemi ni ngoma za kwetu Katanga, hapana. Lakini dada, mtoto wako asidhani pande zake mbili zilionana mara ya kwanza kwenye harusi yenu.

Kutoka: mwana-Mombasa, Maryland

Asanteni sana, nimechelewa kujibu, wiki tatu zimepita. Hilo la harusi nimemsomea mume wangu mara mbili.

Nilimwomba amuulize mama yake juu ya marinera. Bibi hakujibu. Alivua viatu, akaenda jikoni, akachukua kile kitambaa cha kufutia sahani kinachoning'inia kwenye mlango wa oveni. Ana goti bovu, ngazi hupanda kwa kushikilia. Akasimama katikati ya jikoni, mkono mmoja kiunoni, kitambaa juu, akaanza kujiimbia kwa mdomo mlio wa tarumbeta. Sikuwahi kumsikia akitoa sauti kubwa hivyo humu nyumbani. Binti yangu aliacha kila kitu.

Siku hizi ni kila jioni, robo saa, goti likiruhusu. Mtoto akiangalia miguu yake, bibi anamwinua kidevu kwa vidole viwili, "la mirada", yaani macho. Pañuelo (kitambaa) ameshika, vuelta (kuzunguka) ameshika, na "otra vez" anaisema mpaka bafuni. Naye bibi ameokota "tena" kwa mjukuu wake. Jana nilikuwa ngazini nawasikia wanaitana: otra vez, tena, otra vez.

Darasa tumelipata, si mbali, na mwalimu amemwambia bibi aje akae naye mbele.

Limebaki la sketi. Dada wa Tanga, nilifungua sanduku la leso (ndiyo, kanga) na mavyaa akazichagua zile za marehemu mama yangu, nyekundu na nyeupe, bila kujua ni za nani. Nilipomweleza alitaka kuzirudisha, nikakataa. Ila kuzikata siwezi. Zako ulizikusanya tu kwa lastiki kiunoni, au ilibidi mkasi upite?