Njia za Tikal: ni za wageni au ni za Wamaya wenyewe?

Mkaazi wa Ujiji:
Ndugu wanajukwaa, huku Ujiji huwa ninawatembeza wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako miembe mikongwe ingali imesimama kandokando, na kwa sababu hiyo nimevutiwa na habari za Tikal, mji wa kale wa Wamaya uliomo msituni kaskazini mwa Guatemala. Naomba anayeufahamu anieleze: je, njia wanazopita wageni leo zilifyekwa kwa ajili yao, au ni zile za wenyeji wa kale?

Mwalimu wa historia, Kasulu:
Ndugu yangu, njia kuu ni za Wamaya wenyewe. Walijenga barabara pana zilizoinuliwa kwa mawe na kusakafiwa kwa chokaa, zikaunganisha mahekalu na viwanja, ingawa majina yake ya leo, kama Maudslay, Maler na Tozzer, ni ya wachunguzi waliofika karne nyingi baada ya mji kuhamwa. Ukishika barabara ya Tozzer kutoka Uwanja Mkuu, unafika Hekalu la Nne, lenye kimo cha mita 65 hivi, ambalo hupandwa kwa ngazi ya mbao iliyowekwa pembeni ili mawe ya asili yasiliwe na nyayo. Hekalu la Kwanza, alimozikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, wageni hawaruhusiwi kulipanda, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa haki.

Msomaji, Tabora:
Naomba kuongeza jambo ambalo sisi wa Tabora, tunaojua kiangazi, hatuwezi kulipita. Tikal haina mto. Wakazi wake waliishi kwa maji ya mvua, hivyo viwanja vilivyosakafiwa viliinamishwa ili maji yatiririkie kwenye malambo, na baadhi ya barabara hizo zilizoinuliwa zilikuwa pia kingo za kuyazuia maji. Anayekwenda huko asitazame vilele vya mahekalu tu. Atazame pia mabonde yaliyo kando ya njia, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa mji ulipohifadhiwa.

Mkaazi wa Ujiji:
Nawashukuru sana. Je, msitu wenyewe unalindwa pamoja na magofu?

Mwalimu wa historia, Kasulu:
Ndiyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1955, na mwaka 1979 UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia kwa utamaduni na kwa maumbile pia.