Kuna mzee wa riwaya hapa Mbeya kanidhalilisha mbele ya watu, nisaidieni kumsema

Uyole_Juu (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Sijala, sijalala, vidole vinatetemeka. Mwenye ushauri wa "tulia kijana" apite kimya kimya.

Yule mzee mnamjua, simtaji. Kofia ya pama, miwani inakaa kwenye paji la uso badala ya machoni, riwaya yake inatumwa kwenye magrupu ya wasap kila Ijumaa, ipo sehemu ya mia tatu na ushee na binti wa watu bado hajashuka kwenye basi. Ndiyo, huyo huyo.

Jana jioni tulikuwa ukumbini Soweto, waandishi wa hapa na wachache kutoka Iringa, nawaonyesha programu ninayoiunda ya kupangia hadithi. Projekta inawaka, umeme upo (muujiza ambao hakuna aliyeupigia makofi), matukio yamejipanga ukutani kwa rangi. Mzee akanyanyuka. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kalenda ya duka la pembejeo, ile ya mfuko wa mbolea na mama anacheka kashika hindi, akaitundika katikati ya mwanga wa projekta yangu, akaibana na pini, akasema:

"Hii haiombi neno la siri."

Ukumbi mzima chini. Kuna mtu alitolewa nje anakohoa kwa kicheko.

ALIKUJA NA PINI. Nani anatoka kwake na pini mfukoni? Ule ulikuwa mpango, na ulipangwa vizuri kuliko riwaya yake yote.

Kwa ambao hawajaiona, programu ina mistari miwili. Wa juu unaonyesha matukio yalivyotokea, wa chini yanavyosimuliwa. Ukitumia kisengere nyuma, yaani kurudisha hadithi kwenye tukio lililopita, unavuta tukio kwenye mstari wa chini tu, wa juu haugusi. Umri wa wahusika unajihesabu wenyewe: bibi aliyezaliwa siku ya vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, fuvu la Mkwawa linaporudishwa Juni 1954 ana miaka 62, hajatimiza 63, kwa hiyo usimwandike kikongwe wa miaka 80 anayebebwa mgongoni. Na kama mhusika hajui tarehe, anajua tu "tulipokuwa tunapanda mahindi", inakubali pia, tukio linaelea kati ya Novemba na Desemba mpaka uamue mwenyewe. Jaribuni kufanya hayo kwenye Excel. Excel tarehe za kabla ya 1900 haizitambui kabisa, Mkwawa aliyejiua 1898 kwake ni maneno matupu.

Kazi yote hiyo, halafu kalenda ya mbolea. Matukio yangu yanamulika kwenye uso wa yule mama wa hindi! Uhuru ulimwangukia shavuni! Na pini ilikuwa mpya, inang'aa, nimeiona kwa macho yangu.

Mods, msiunganishe uzi huu na ule wa "programu za bure". Nawasilisha.

Binti_Kalenga:

Mleta uzi, mimi nilikuwepo, nimetoka Iringa kwa nauli yangu. Mbona husimulii kilichotangulia? Ulichukua riwaya ya mzee wa watu, bila kumwomba, ukaiingiza kwenye programu kama mfano. Shujaa wake akapanda treni ya TAZARA mwaka 1968, ukuta mzima ukawa mwekundu, kengele ikalia. Nani kakuambia uweke kengele?

Uyole_Juu:

Dada, reli imeanza kujengwa 1970! Huyo shujaa alipanda treni gani? Na kengele ni ya kawaida tu. Turudi kwenye pini.

Mwaisa Asilia:

Ndaga fijo (asante sana) kwa uzi. Mimi nimekaa paleee na chai ya Tukuyu. Ila mkuu, "Hii haiombi neno la siri" ni sentensi nzuri kuliko programu yako yote. Ukubali yaishe.

Mjomba_Mafiati:

Uzi bila picha ya kalenda ni batili.

fundi_wa_njozi:

Nilikaa safu ya nyuma. Programu ilishaharibu mambo kabla ya TAZARA, mnasahau tu. Mwandishi mmoja aliandika mhusika wake kaanza kuumwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, akafa Jumanne saa nane usiku. Programu ikamuua kwanza, halafu baada ya masaa kumi na sita ikamwanzishia homa. 😂😂 Marehemu anatapika!

Uyole_Juu:

Hapo wa kulaumiwa ni kompyuta. Tarehe yake inageuka saa sita usiku, wakati kwetu usiku wa Jumanne ni mmoja mpaka kunakucha. Ndiyo maana nimeweka kitufe cha "usiku wa kuamkia". Kipo juu kulia. Mzee hakukisubiri, alikuwa anapapasa koti anatafuta pini.

Binti_Kalenga:

Kitufe umekiweka leo asubuhi. Jana hakikuwepo.

Uyole_Juu:

Kilikuwepo, hakikuonekana.

Mwaisa Asilia:

"Kilikuwepo, hakikuonekana." Kijana, acha programu, andika riwaya.

Mpenzi Msomaji:

Nyie mnalia kalenda, mimi nalia hela. Huyo huyo mzee nilimlipia vipande ishirini kwa mpigo. Kipande cha tatu mhusika mkuu akafa. Vilivyobaki vyote ni wosia unasomwa! Mwanasheria anakohoa sehemu nzima, sehemu inayofuata anatafuta miwani. Nikiuliza, naondolewa kwenye grupu.

Mjomba_Mafiati:

Wosia bado afadhali. Mimi nasoma ya dada mmoja wa Tunduma, mimba ina mwaka wa pili.

Uyole_Juu:

SASA HAPO NDIPO PROGRAMU YANGU INAPOINGIA. Mimba inahesabiwa yenyewe, ikipita miezi tisa na kidogo inawasha

Mjomba_Mafiati:

Kengele. Tumeelewa.

Lupembe_Boy:

Wakuu mnajadili mimba za kwenye simu wakati sisi huku Njombe tunaumizwa na lumbesa. Gunia limejaa, limeshonwa, mnunuzi anataka kilemba juu, na juu ya kilemba anataka kingine. Imekatazwa kisheria lakini nenda shambani uone. Ukikataa, viazi vinaozea kwako.

Mpenzi Msomaji:

Afadhali ya viazi vinakaa kidogo. Sisi wa nyanya Ilula tenga likilala siku mbili barabarani umeumia.

fundi_wa_njozi:

Barabara yenyewe ipi? Hapa Mbeya mjini tu, Uyole mpaka Mafiati, nimekaa kwenye foleni ya malori mpaka daladala nzima tukajuana majina.

Uyole_Juu:

Wakuu, mada ni pini. Naomba tusitoke nje ya mada.

Lupembe_Boy:

Mkuu wa Ilula, nyie dalali anachukua ngapi kwa tenga? Huku kwetu dalali hata mkulima hamjui, anakuja na lori, anapanga bei yeye, anashona magunia yeye, na kijana wake anasimama juu ya gunia anarukaruka ili liingie zaidi. Kwa miguu! Juu ya viazi vyangu!

Mwaisa Asilia:

Anarukaruka na viatu au peku?

Lupembe_Boy:

Na buti.

Binti_Kalenga:

Hao wanunuzi wa buti nawajua, walifika mpaka Mufindi. Mpime kwa kilo, kataeni gunia. Sisi mwaka jana tuliungana kijiji kizima tukanunua mzani mmoja, wakanuna, mwisho wakarudi.

Mjomba_Mafiati:

Lupembe, viazi vipo bado? Nataka gunia mbili, zisizo na alama za buti. Nicheki pembeni.