Mrejesho: Pembe za mistari inayokatana

Walimu wangu, nawashukuru. Niliuliza kutoka hapa Moshi kuhusu swali la binti yangu wa darasa la saba, ambamo mistari miwili inakatana na pembe mbili zinazotazamana ni nyuzi 3x + 10 na 5x − 30. Nilikuwa nimezijumlisha ziwe 180, nikapata x = 25, yaani pembe za nyuzi 85 na 95, jambo lisilowezekana kwa kuwa pembe zinazotazamana hulingana daima; binti, nakiri, aliling'amua kabla yangu. Tulipoandika 3x + 10 = 5x − 30, tulipata 2x = 40, hivyo x ni 20 na kila pembe ni nyuzi 70. Zile za ubavuni ni 110 kila moja.